Nauli ya Kurudi

Wazee waliokuja Ujiji kupokea jibu la posa walikuwa wamejiandaa kuulizwa kila kitu kuhusu Swaibu: dini yake, kazi yake, ukoo wake wa Buyenzi kule Bujumbura, na kama hana mke mwingine aliyemficha huko aliko. Hawakujiandaa kwa swali la Sefu, baba wa binti. Sefu aliwasubiri wamalize chai, akakohoa kidogo kusafisha koo, akauliza, "Kutoka huko kwake mpaka hapa kwangu, ni mwendo wa muda gani?"

Wazee wakatazamana. Walikuwa wakimbizi wa Burundi kutoka kambi moja ya Kasulu, wamepanda lori tangu alfajiri na karatasi zao za ruhusa mifukoni. Koti alilovaa mjomba wa Swaibu lilikuwa la kuazima, mikono yake iliishia juu ya vifundo, na kila alipotaka kunyoosha mkono kuchukua kikombe alikuwa akiuvuta kwanza ule mkono wa koti. Mjomba huyo ndiye aliyejibu. Alisema Australia ni mbali, ila siku hizi kwa ndege hakuna mbali.

Sefu akasema, kwa adabu, kwamba hilo si jibu. Kagunga nako ni mbali, lakini boti ikiondoka asubuhi, jioni umefika. Kalinzi ni huko juu milimani, lakini mtu akizidiwa hushushwa kwa pikipiki. Yeye alitaka kujua jambo moja: binti yake Yusra akiamka siku moja huko ugenini akaona hapatakiwi, atafika kwao lini?

Hakuna aliyejua. Posa ikaahirishwa kwa swali ambalo wazee wale waliliona kama tusi, wakarudi kupanda lori wakinung'unika kwa Kirundi. Yusra, aliyekuwa ndani na mama yake Mwanamvua, alisikia yote. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimfahamu Swaibu tangu kijana huyo alipokuwa akitoroka kambini na kuja kuoka mikate kwenye tanuri la jirani yao, na tangu alipochukuliwa kupelekwa Australia na mradi wa wakimbizi walikuwa wakizungumza kwa simu kila Ijumaa. Hakulia mbele ya mama yake. Aliviosha vikombe vya wageni mara mbili.

Hapo nyumbani swali la Sefu halikumshangaza mtu. Nasra, binti yake mkubwa, aliolewa Kalemi, ng'ambo ya ziwa, mwaka mmoja kabla vita vya Kongo havijafumuka upya. Siku za posa ile Sefu hakuuliza kitu. Ya nini? Mvua ikikatika, milima ya Kongo unaiona ukiwa umesimama palepale sokoni. Vita vilipoanza boti zikakatika, na mume naye akageuka. Kwa miaka miwili Nasra alipigwa na kushindishwa njaa, na salamu zake zilipofika Ujiji kwa mdomo wa mkimbizi mmoja, zilikuwa zimeshachacha kwa miezi. Alirudi ndani ya boti ya wakimbizi, akaandikishwa kuwa Mkongo katika nchi yake mwenyewe, mpaka Sefu alipokwenda kambini kumdai kama mtu anayedai ng'ombe aliyeingia zizi la jirani.

Tangu hapo Sefu hakuamini tena kitu kinachoitwa karibu.

*

Ofisi ya tiketi za ndege ilikuwa Kigoma mjini, chumba kimoja chenye feni na ramani kubwa ya dunia ukutani. Sefu alikwenda na Yusra. Alikuwa amevaa kanzu safi, lakini yeye ni muuza mawese, na mawese yakishaizoea mikono ya mtu hayatoki hata kwa majivu na limau. Kucha zake zilikuwa na wekundu wa kudumu. Kijana wa mezani, Leodgar, mtu wa Songea aliyehamishiwa Kigoma mwaka ule, aliitazama ile mikono, kisha akavitazama viti vyake vya kitambaa cha kijivu. Akachukua gazeti la jana, akalitandika juu ya kiti, ndipo akasema, "Karibu ukae, Mzee."

Sefu akakaa juu ya gazeti. Yusra akabaki amesimama.

Leodgar aliuliza nani anasafiri, na lini. Sefu akasema hakuna anayesafiri bado. Anataka kujua tu mwendo wa kutoka Kigoma hadi mji unaoitwa Perth. Leodgar akasema ofisi ile huuza tiketi, haitoi masomo ya jiografia. Lakini asubuhi ile hapakuwa na mteja mwingine, na pengine ule utulivu wa mzee aliyekaa juu ya gazeti bila kukasirika ulimgusa mahali. Akainuka, akaenda kwenye ramani.

Akawaonyesha. Kama ndege ingekatiza bahari moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, alisema, Perth ni kama kilometa elfu nane na mia tatu na kitu. Ila hakuna ndege inayokatiza hivyo. Abiria wa Dar hupandishwa kwanza juu mpaka Dubai, Uarabuni, kisha huko Dubai hupanda nyingine inayoteremka upya kusini, juu ya bahari, mpaka Perth. Kilometa zinakuwa kama elfu kumi na tatu.

Sefu aliufuata ule mstari kwa macho, unaopanda na kushuka. "Sasa hii si sawa na mtu wa Ujiji anayekwenda Kigoma mjini akapitie Uvinza?"

Leodgar akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Akakubali ni sawasawa. Kisha akahesabu masaa. Kigoma hadi Dar, kwa kuwa ndege hutua Tabora, saa tatu hivi. Dar hadi Dubai, saa tano na nusu. Dubai hadi Perth, karibu saa kumi na moja. Ukijumlisha na kungoja katika viwanja, siku moja na nusu.

"Siku moja na nusu," Sefu alirudia. Alikumbuka safari yake ya mwisho ya Dar kwa garimoshi, siku mbili njiani na behewa lililokufa Uvinza. "Basi huko Perth ni karibu kuliko Dar kwa reli."

"Kwa mwenye tiketi, Mzee," Leodgar akasema, akirudi mezani kwake. "Asiye na tiketi hana masaa. Huyo yuko mbali tu."

Njiani wakirudi Ujiji, Yusra alimwambia baba yake kwamba hataki aende tena ofisi ile kukalishwa juu ya magazeti kwa ajili yake. Sefu akamjibu kwamba amewahi kukalia vibaya zaidi ya hapo, tena bure. Leo angalau ametoka na jibu.

*

Nasra alikuwa uani akichambua dagaa kwenye ungo walipofika. Alisikiliza yote mpaka maneno ya Leodgar, mikono yake ikisimama. Siku nyingi alikuwa mtu wa kujibu kwa kichwa tu. Kicheko chake kilibaki Kalemi, mama yake alipenda kusema. Sasa akamuuliza mdogo wake amepanga kutaja mahari gani. Yusra akasema msahafu na cherehani.

"Mahari ni haki yako, si ya baba wala ya shangazi," Nasra akasema. "Cherehani utanunua ukifanya kazi. Wewe taja tiketi. Ya kwenda na ya kurudi."

Mwanamvua aliushika mdomo. Alisema watu wataambizana kwamba binti wa Sefu anaolewa huku mguu mmoja uko mlangoni. Alisema ndoa haianzwi kwa kuandaa kuivunja.

"Mama," Nasra akasema, "mimi nilikuwa naiona milima ya Tanzania kila mvua inapokatika. Naamka, naitazama, nakwenda kuteka maji. Hakuna siku niliyokosa kuiona. Ningekuwa sioni kitu lakini nina nauli, ningerudi mzima."

Nasra akaendelea kuchambua dagaa wake, na Sefu akatoka nje kwenda kutazama mafuta ambayo hayakuhitaji kutazamwa.

*

Swaibu, aliyekwisha kuelezwa na Yusra ile mahari ya tiketi, alipiga simu Ijumaa, akaomba kuzungumza na baba. Hakukasirika, na hilo lilimfanya Sefu aone haya zaidi. Alisema anafanya kazi kwenye machinjio ya kondoo, na kwamba mwaka wake wa kwanza huko alikuwa akiwauliza wenzake njia ya kwenda uwanja wa ndege, ingawa hakuwa na fedha wala mahali pa kurudi. Alitaka tu kujua uko upande gani. Kwa hiyo ombi la Yusra analielewa. Ila lipo jambo moja. Akiba aliyonayo alikuwa ameiweka ili aje mwenyewe, afunge ndoa, amwone mama yake, arudi kungoja viza ya mkewe. Haitoshi kwa yote mawili.

"Nikinunua tiketi ya Yusra ya kwenda na kurudi, baba, mimi siji," alisema. "Nitaoa kwa wakala, naye atasafiri peke yake. Amueni ninyi. Mama nimeshamwambia."

Mama Swaibu alifika siku ya nne, peke yake, na ruhusa ya siku mbili. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kitenge kilichofuliwa mpaka maua yake yakasahaulika. Hakutaka chai. Alisimama sebuleni mpaka Mwanamvua alipomshika mkono na kumketisha.

Alisema maneno aliyokuwa ameyaandaa. Kwamba wanaomba talaka kabla ya ndoa. Kwamba mwanawe si mpigaji, wamuulize yeyote Buyenzi. Sefu alimsikiliza huku akijua hilo silo lililomleta, na kweli, sauti ya mama yule ilipungua, ikawa kama ya mtu anayezungumza na mwenyewe.

"Miaka sita sijamwona," alisema. "Walipomchukua, jina langu nalo lilikuwapo kwenye orodha. Mimi ndiye niliyekataa, maana mume wangu alipotea njiani na sikujua kama amekufa. Nilisema nitamngoja. Mume sikumpata, na mtoto akaenda. Sasa Imana, Mungu wetu, amemfungulia mtoto njia ya kuja, na ninyi mnaiziba kwa tiketi."

Kwa siku zote zile Sefu alikuwa amemfikiria Yusra, na Nasra, na yeye mwenyewe akiwa amesimama sokoni akitazama milima. Hakumfikiria mwanamke huyu hata mara moja. Alifungua mdomo kuliondoa ombi la tiketi. Angefanya hivyo, lakini Nasra aliingia na maji ya kunywa, akampa mgeni kwa mikono miwili, na badala ya kutoka akakaa sakafuni miguuni pake.

Akamsimulia Kalemi. Hakuwahi kuisimulia kwa wazazi wake, si kwa kirefu vile. Alisimulia mlango uliofungwa kwa nje, na soko lililofungwa kwa vita, na pete aliyoiuza ili apande boti ambayo haikuja. Mwanamvua aliinamisha uso katika upande wa khanga. Mama Swaibu aliuchukua mkono wa kushoto wa Nasra, ule ulioungwa vibaya na kubaki umepinda kifundoni, akaupapasa polepole kama mtu anayetafuta mwiba. Usiku ule alilala chumba kimoja na wale mabinti wawili.

Asubuhi, wakati wa uji, alimwita Sefu bamwana, jina ambalo Warundi huitana wazazi wa bibi na bwana. Alilitamka kwa mara ya kwanza.

"Mimi nimekimbia mara tatu," alisema. "Kila mara nilitafuta njia ya kutoka, nikaipata. Njia ya kurudi hakuna aliyenipa. Mwanangu akija nitamwona wiki mbili, kisha nitakaa nikijiuliza mtoto wa watu analia au halii. Mpeni tiketi yake. Nimeshangoja miaka sita, kungoja nakujua."

Alikuwa na ombi moja, naye alimgeukia Yusra kulitoa. Mwanawe kila akipiga simu husema yuko salama, basi. Yusra akifika ampigie yeye, amwambie Swaibu anakula nini, amekonda au amenenepa, na kama anacheka.

Yusra akapiga magoti mbele yake, akaahidi.

*

Ujiji ilisema yake. Ilisema bibi harusi anatumwa kwa bwana kama dumu la mafuta. Sokoni mtu mmoja alimuuliza Sefu kama amemfungia binti risiti ili akirudishwa asidaiwe. Sefu alimpimia mafuta yake, akapokea fedha, akamshukuru.

Siku ya nikahi, mjomba wa Swaibu alikaa mahali pa bwana harusi, safari hii kwa kanzu aliyoazimwa na Sefu mwenyewe, iliyomtosha. Shekhe alipotaja mahari, msahafu mmoja na tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, minong'ono ikapita barazani. Shekhe akanyamaza mpaka ilipokwisha. Kisha akasema mahari ni kile alichokitaka mwanamke na kina manufaa kwake, na kama yupo mwenye aya inayopinga, aisome. Hakuna aliyesoma. Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na wale walionong'ona walikula vizuri kuliko wote.

Viza ilichukua masika yote na kiangazi. Ilipotoka, Swaibu alituma fedha, na tiketi ikakatwa palepale kwa Leodgar. Sefu alipoingia alisimama mbele ya kiti, akingoja. Leodgar hakuchukua gazeti. Alizunguka meza, akakivuta kiti, akamkalisha, akaeleza kwamba sehemu ya kwenda ina tarehe, na sehemu ya kurudi iko wazi: Yusra anaweza kurudi siku yoyote aitakayo ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukipita, tiketi imekufa. Sefu akamwomba ayarudie hayo kwa Yusra, ayasikie kwa masikio yake.

Uwanjani walikwenda wote. Mama Swaibu alipata ruhusa nyingine, akaja na kikapu kidogo cha karanga za kukaanga kwa ajili ya mwanawe. Dada wawili walishikana mpaka abiria wakaitwa. Ndege ilipoinuka ilielekea ziwani kwanza, ikageuza juu ya maji, ikarudi juu ya vichwa vyao kuelekea Tabora. Mama Swaibu aliitazama mpaka shingo ikamuuma. Alisema mwanawe aliondoka kwa lori, alfajiri, na yeye aliona vumbi tu. Leo angalau ameiona.

Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, simu ililia. Yusra alikuwa amefika. Alilia sana, akasema nyumba ni kimya na watu wa mtaa hawatoki nje, na barabara zimesafishwa kama zinangoja mgeni asiyekuja. Sefu alimuuliza tiketi iko wapi. Akasema iko ndani ya msahafu. Sefu akamwambia basi alale.

Kwa Mama Swaibu alipiga simu siku hiyohiyo, kupitia jirani mwenye simu kambini. Alimwambia Swaibu amenenepa, anakula viazi na nyama ya kondoo, na amezimaliza karanga zote usiku mmoja akicheka.

*

Mwezi wa kumi na moja tangu Yusra aondoke, Leodgar alisimama mbele ya meza ya Sefu sokoni. Siku hizo alikuwa akinunua mawese yake hapo. Alimkumbusha kwamba tiketi ina wiki tatu tu.

Sefu hakulala vizuri. Alimpigia Yusra, akamweleza: aje, hata kwa mwezi mmoja, ale samaki, aonane na mama yake, arudi kwa mumewe kwa heshima. Tiketi isifie mkononi. Akamsikia akimwambia mtu kitu kwa Kiingereza, na mlango ukifungwa. Alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na jioni alikuwa akisomea kazi hiyohiyo. Akiondoka sasa, alisema, atapoteza nafasi ya masomo. Wanaweka akiba waje wote wawili, mwaka kesho baada ya Ramadhani.

"Na hii?" Sefu akauliza. "Hii ya mahari yako?"

"Iache ipite, baba." Alikuwa akizungumza polepole, kama anayechagua. "Wiki ile ya kwanza, kila nikiamka nilikuwa najiambia, ipo. Nikitukanwa kazini najiambia, ipo. Tulipogombana na Swaibu mara ya kwanza nilikwenda kuitazama, naye akaniona naitazama, akakaa chini tukazungumza. Sasa siku zinapita, baba, sijaikumbuka."

Sefu alitaka kumbishia. Maneno yalikuwa tayari. Lakini Nasra alikuwa amesimama karibu naye, sikio lake kwenye simu, na alimwona binti yake huyo mkubwa akitabasamu huku machozi yakimtoka. Akampa simu. Nasra akaenda nayo uani, na baada ya muda Sefu na Mwanamvua wakasikia kitu ambacho hawakukisikia kwa miaka saba: Nasra akicheka, kicheko cha tumboni, kile cha zamani, kinachokatika na kuanza upya.

Wiki tatu zikaisha. Siku tiketi ilipokufa ilikuwa Alhamisi, siku ya soko kubwa. Wakimbizi wengi wa Burundi walikuwa wakijiandikisha kurudi kwao kwa meli, na mwanamke mmoja miongoni mwao, mwenye mtoto mgongoni, alikuja kununua mafuta ya kuanzia maisha. Sefu akimpimia, wakazungumza kama wanavyozungumza watu wa soko, juu ya bei, na mvua, na watoto. Mwanamke akamuuliza yeye amejaliwa wangapi. Sefu akasema wawili, mmoja yuko nyumbani, na mmoja ameolewa Australia.

"Ni mbali huko?"

Sefu alikaza kifuniko cha dumu, akalifuta kwa kitambaa lisije likamchafulia kitenge, akamsaidia kulitwika.

"Mbali," alisema. "Lakini kunarudika."